Ngoto ya Serikali

Midalasini ya Hafidha ilipigwa alama ya X nyekundu siku ya Jumatatu asubuhi, na aliyeipiga hakubisha hodi. Hafidha alikuwa jikoni akimenya ndizi. Alisikia mbwa akibweka, akatoka na kisu mkononi, akamkuta Emmanuel, mtendaji wa kijiji, ameshika kopo la rangi mkono mmoja na brashi mkono mwingine. Alikwisha kumaliza mstari wa kwanza wa miti, sasa alikuwa anauanza wa pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Miti yangu imekosa nini?"

"Haijakosa kitu, mama yangu. Mheshimiwa mbunge anakuja Jumamosi kuzindua zahanati yetu. Msafara una magari mengi, na yale magari ni marefu. Yakishapanda mpaka hapa lazima yapate pa kugeuzia."

"Kwani hayawezi kurudi kinyumenyume mpaka pale kwenye uwanja wa shule?"

Emmanuel alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mtoto aliyeuliza jua linalala wapi.

"Mama, gari la mheshimiwa halirudi kinyumenyume."

Kijana huyu alikuja Mhangala na barua ya ajira na viatu vyeusi, akitokea mikoa ya huko mbali. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kawaida aliyeogopa simu yake mwenyewe, kwa sababu kila ilipolia ilikuwa ni bosi. Watu wa aina hiyo hawana ubaya wa kwao. Huazima wa wakubwa wao.

"Na fidia?" Hafidha akauliza.

"Fidia ipo, mama. Inaingizwa kwenye bajeti."

"Bajeti ipi?"

"Ijayo."

Hafidha alikuwa na umri wa kutosha kuijua bajeti ijayo. Ni kama kesho ya mdeni wako: kila siku ipo, na hakuna aliyewahi kuamkia ndani yake. Alimgeukia mumewe, Mwinshehe, aliyekuwa amesimama mlangoni na fulana yake ya shambani. Mwinshehe alisafisha koo tu. Si kwamba ni mwoga. Uluguruni ardhi ni ya ukoo wa mama, na mume hulima kwa mkewe kama mgeni mwenye heshima zake. Mgeni hasimami mbele kugombea ardhi isiyo yake. Mwenye neno ni ndugu wa mke, yaani mjomba wa watoto.

Nyuma ya Mwinshehe, ndani, Pili alikuwa amekaa mkekani amenyoosha miguu iliyovimba. Huyu ndiye binti yao wa pekee. Mumewe, Yusuph, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa huko Kilombero, na yeye alirudi kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo ada. Mimba hii ilikuwa ya pili. Ya kwanza iliishia njiani, kwenye machela ya miti na kitenge, wanaume wakiteleza kwenye matope ya mteremko wakimpeleka kwenye matibabu Mkuyuni. Walipofika chini, mama alikuwa hai na mtoto hakuwa hai. Tangu siku ile Hafidha aliapa kwamba Pili hatabebwa tena kwenye ile njia.

Ndiyo maana ile midalasini ilikuwa na kazi. Dalali mmoja wa Kinole alikuwa ameitazama, akakubali kutoa pesa ya mbele, na mvua za masika zikianza angekuja kubandua magome. Kwa pesa hiyo Pili angeshuka Morogoro mjini, apangishe chumba karibu na hospitali, asubiri siku zake kama binadamu. Dalali hatoi pesa ya mbele kwa mti wenye X.

* * *

Greda lilifika siku iliyofuata. Kwa miaka yote ambayo wagonjwa wa Mhangala walishushwa kwa machela, jibu la halmashauri lilikuwa moja tu: greda lipo, mafuta hakuna. Sasa mafuta yalipatikana, dereva akapatikana, na posho yake ikapatikana. Njia iliyoshinda maombi ya wajawazito ilichongwa kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kukausha karafuu.

Midalasini iling'olewa na mizizi yake. Hafidha alijaribu kuokoa magome, lakini mvua zilikuwa bado. Gome lilikuwa limeshikamana na mti, likitoka vipande vipande visivyouzika. Alijaribu mti mmoja, akajaribu wa pili, akakikunja kisu. Mchana vijana wa kamati ya mapokezi wakaja na kamba, wakaikokota ile miti. Aliuliza inapelekwa wapi.

"Kuni, mama. Za kupikia pilau ya wageni."

Alipanda kwa kaka yake akiwa bado ana vumbi la greda kichwani. Mikidadi ndiye mkuu wa ukoo wao, mzee mwembamba wa kanzu na kofia iliyofifia. Alimkuta uani akigeuzageuza pilipili manga kwenye mkeka.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba dada yangu. Kaa. Najua. Nimelisikia lile dude likinguruma."

"Hawakukuuliza?"

"Tangu lini mpangaji akamuuliza mwenye nyumba?"

Hapo Mikidadi alikuwa ametia kidole kwenye kidonda chake mwenyewe. Kile kiwanja cha zahanati alikitoa yeye, kwa niaba ya ukoo, na alikitoa kwa masharti ambayo kila Mluguru anayajua. Ukitaka kutumia ardhi ya ukoo usio wako, unapewa, ila kila mavuno unamletea mkuu wa ukoo ngoto: kuku mmoja, na kapu la kile ulichovuna. Ngoto haimtajirishi mtu. Kazi yake ni kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Anayeacha kuileta amekusudia kupora, na mwenye ardhi anayo haki ya kuingia shambani na kujichukulia kilichomo.

Siku ya kukabidhi, Mikidadi aliyasema masharti hayo mbele ya mtendaji wa wakati ule, aliyemtangulia Emmanuel. Mtendaji akajibu, "Hakuna shida, mzee," neno ambalo watu wa ofisini hulitumia wakiwa hawajasikia. Mikidadi akaamini. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake: aliichukulia serikali kama mtu mzima mwingine yeyote aliyekuja kuomba pa kulima. Mavuno yalipofika alifagia uwanja wake, akavaa kanzu safi, akakaa barazani kumsubiri mgeni na kuku wake. Alikaa mpaka wajukuu wakaanza kumhurumia. Alipoona kimya, akashuka mwenyewe ofisini kuulizia ngoto. Huko chini wakamuuliza kama amelipa mchango wa ujenzi wa zahanati. Akaulipa. Alirudi nyumbani ameacha pesa pale alipokwenda kudai kuku.

"Ndizi yangu ikivuka geti la ushuru inalipa," alimwambia dada yake. "Pilipili hii inalipa. Nikinunua sukari, nimelipa. Vocha ya simu, nimelipa. Sisi ndio wenye ardhi, na ngoto tunatoa sisi. Umewahi kuona wapi?"

"Kaka, mimi sasa hivi sitaki kuku. Mimi nina mtoto mjamzito."

"Najua."

"Basi tuuze yule beberu wetu, Pili apate pesa ya kwenda mjini."

"Uzeni," akasema Mikidadi. "Mbuzi anazaliwa mwingine."

* * *

Beberu hakuuzwa. Siku ya Alhamisi lori lilipanda mlima na kusimama mbele ya zahanati, na Mhangala nzima ikatoka kushangaa. Vilishushwa vitanda vyenye magodoro, mzani wa kupimia watoto, meza ya dawa, mapazia ya kijani, na mwisho kitanda cha kujifungulia, kirefu, cheusi, chenye vyuma vya kuwekea miguu. Wanawake walikigusa kwa zamu. Bibi mmoja alibonyeza godoro lake akasema angekuwa na mimba angezaa leo leo. Ndani ya lori alikuwamo pia muuguzi, dada mmoja aitwaye Jesca, amevaa sare nyeupe iliyopigwa pasi vizuri.

Hafidha aliyaona haya yote na moyo wake ukalainika. Hasira ni ghali, na mtu mwenye shida huitupa haraka akionyeshwa kitanda. Alimsogelea muuguzi.

"Karibu sana, mwanangu. Utakaa kwetu?"

Jesca alijishughulisha na kufungua boksi la glavu. "Mungu akipenda, mama."

"Binti yangu siku zake zimekaribia. Naweza kumleta hapa hapa?"

"Atakapokuwepo mhudumu, mama, mlete tu."

Jibu hilo lilikuwa na mlango wa nyuma. Hafidha hakuuona, kwa sababu alikuwa anaangalia kitanda.

Jioni Emmanuel akaja nyumbani, safari hii akabisha hodi. Kamati ya chakula ilikuwa imekwama. Wageni walikuwa wengi kuliko ilivyotegemewa, na barua ya kutoka juu ilisema wananchi washirikishwe. Kushirikishwa maana yake ni kutoa.

"Nimesikia mna beberu, mama."

"Tuna beberu, na anauzwa. Pesa yake ni ya Pili kwenda mjini."

Emmanuel akacheka kidogo, kwa upole. "Mama Pili, umpeleke binti mjini, akapange chumba, akaungue jua, wakati zahanati hii hapa mlangoni kwako? Si umeviona vitanda? Muuguzi si umeongea naye? Watu watatushangaa."

Emmanuel aliyajua yale asiyoyasema. Lori lilikuja na dereva wake, na dereva alimwambia lini linarudi na litarudi na nini. Lakini simu ilikuwa mfukoni, na bosi alikuwa ndani ya simu. Mwinshehe alimtazama mkewe, mkewe akamtazama Pili. Pili alisema, "Mama, mimi nikibebwa tena ile njia nitakufa kwa woga kabla ya uchungu. Afadhali hapa."

Wakamfungua beberu kamba, wakampa Emmanuel.

* * *

Mheshimiwa alitarajiwa asubuhi, akafika saa nane. Watoto wa shule walikuwa wamesimama juani tangu chai, wamejifunza wimbo wenye jina lake, na wawili walikwisha kuanguka. King'ora kilisikika tangu bonde la pili. Yakapanda magari meupe yenye vioo vyeusi, moja nyuma ya jingine, yakazunguka vizuri kabisa pale ilipokuwa midalasini, yakasimama yameelekea yalikotoka. Hata kabla ya kushuka walikuwa wamejiandaa kuondoka.

Mheshimiwa alikata utepe. Alifunua jiwe lenye jina lake, kubwa kuliko jina la zahanati. Alipita ndani akapigwa picha ameshika mzani wa watoto, akapigwa picha nyingine ameinamia kitanda cha kujifungulia kama mtu anayekijua. Kisha akapanda jukwaani, akasema sana. Alisema serikali ni sikivu. Alisema fedha hizi ni kodi zenu, na serikali imezirudisha kwenu. Ukoo uliotoa ardhi hakuutaja. Wanawake waliobeba mchanga kutoka mtoni kwa ndoo vichwani aliwaita "nguvu za wananchi", kama vile wao hawakuwa na vichwa.

"Mheshimiwa oyee!" akapaza mshereheshaji.

"Oyee," wakaitikia wenye njaa.

Ukafika muda wa maswali. Wauliza maswali walikuwa wameteuliwa tangu jana, na maswali yao yalikuwa shukrani zenye alama ya kuuliza mwishoni. Wa mwisho alipokaa, Mikidadi akasimama bila kuitwa. Mshereheshaji alitaka kumpita, lakini mzee alikuwa amefika mbele, na ni vigumu kumsukuma mzee wa kanzu mbele ya kamera.

"Mheshimiwa, mimi sina swali. Nina dai."

"Karibu mzee wangu, sema."

"Ardhi hii ni ya ukoo wetu. Tuliwapa kwa desturi yetu. Desturi inasema mwaka kwa mwaka mlete ngoto. Hamjaleta hata mara moja. Nasi ushuru tunalipa kila tukishuka. Naomba ngoto yetu."

Mheshimiwa aliinama upande wa Emmanuel, akanong'onezwa. Akarudi kwenye kipaza sauti akitabasamu.

"Kumbe mzee anadai kuku!"

Meza kuu ikacheka. Mheshimiwa, alipoona mzaha umepokelewa, akauongezea chumvi. "Mzee wangu, serikali haifugi kuku! Msaidizi, hebu mpeni mzee elfu kumi akanywe soda."

Msaidizi akashuka, akaikunja noti, akaitia kwenye kiganja cha Mikidadi na kumfumba vidole kama anavyofumbwa mtoto. Meza kuu ilicheka kwa sababu ilifurahi. Watu wa chini walicheka kwa sababu meza kuu ilicheka, na hiyo ndiyo aibu ya Mhangala ambayo hadi leo hakuna anayeitaja. Hafidha hakucheka. Alimwona kaka yake akirudi kwenye benchi lake, ngumi imefumbwa, akitazama viatu vyake. Alitamani ardhi ile ile iwameze wote wa mezani, ila alijua ingekataa.

Pilau ililiwa. Ilikuwa na harufu nzuri sana ya mdalasini, wageni wenyewe waliisifu. Halafu milango ya magari ikafungwa, king'ora kikalia, na vumbi likabaki.

* * *

Pili alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye kivuli cha ukuta wa zahanati. Chupa ilipasuka wakati vumbi halijatulia. Aliangalia kanga yake ilivyolowa, akamshika mama yake mkono.

"Mama. Ndiyo hii."

"Usiogope. Leo huendi popote. Hatua chache tu tumefika."

Walipozunguka kona kufika mlangoni walikuta lori limerudishwa kinyumenyume mpaka kwenye ngazi. Magari mengine, kumbe, yanaweza. Vitanda viwili vilikuwa vimeshapanda. Mapazia ya kijani yalikuwa yamekunjwa. Vijana wawili walikuwa wanautoa ule mzani.

Hafidha alimwita dereva, mtu mzima mnene aliyekuwa akifunga kamba. "Baba, samahani. Hivi vitu vinapelekwa wapi?"

Fransisko, ndilo jina la dereva, hakuona sababu ya kumdanganya. "Mjini, mama. Vya kituo cha afya hivi. Viliazimwa kwa ajili ya shughuli. Mimi nimeambiwa leo leo virudi, wagonjwa wenyewe huko tumewalaza chini."

"Na muuguzi?"

"Naye wa huko huko. Anakaa mbele na mimi."

Hafidha alisimama palepale. Yote yalimjia pamoja: miti, beberu, kicheko cha upole cha Emmanuel. Alijiona mjinga, na hakuna uchungu unaouzidi ule wa mtu aliyefanywa mjinga mchana kweupe, kwa pilau yake mwenyewe. Kisha Pili akaguna nyuma yake, akakunjamana, akashika ukuta. Njia ya Mkuyuni ilikuwa ile ile. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama.

"Weka mkono wako hapa," Hafidha alimwambia binti yake. "Tembea."

Alimpitisha katikati ya vijana wa mzani, wakaingia ndani. Chumba kilikuwa kitupu, isipokuwa kile kitanda cheusi kilichosubiri zamu yake. Hafidha akampandisha, akamlaza, akamfunika kwa kanga yake mwenyewe. Kisha akasimama mbele ya kitanda, mikono kiunoni.

Emmanuel aliingia akihema. "Mama Pili! Hicho kitanda kinaondoka!"

"Kina mtu."

"Mama, nakuomba. Hii ni mali ya serikali. Mimi ndiye niliyesaini."

"Ulisaini kitanda. Kwangu ulisema maneno. Uliniambia, 'zahanati hii hapa mlangoni kwako.' Ulisema, hukusema?"

"Nilisema, lakini..."

"Basi nimekuja. Nimefika mlangoni."

Emmanuel akamgeukia Jesca, aliyekuwa kizingitini na mkoba wake begani. "Nesi, mwambie mama. Mweleze utaratibu."

Jesca alimtazama Pili. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka, amepigwa pasi na kuletwa huku kama yale mapazia. Alisogea, akaweka kiganja juu ya tumbo, akasikiliza, akauliza maswali mawili kwa sauti ndogo. Alipoinuka, mkoba ulikuwa tayari sakafuni.

"Njia imeshafunguka," alisema. "Huyu hatembezwi. Mtendaji, kalete maji ya moto."

"Mimi?"

"Unamwona mtendaji mwingine?"

Nje, vijana walikuwa wamemzunguka Fransisko wakisubiri amri. Dereva alikwangua kidevu chake, akafunga lile lango la nyuma la lori. "Mimi nabeba vitanda," alisema. "Sibebi kitanda chenye mzazi. Hiyo haikuandikwa kwenye safari yangu." Akatoa kiti chake, akakaa.

Ndipo Mikidadi alipofika. Alikuja taratibu na mkongojo wake, Mwinshehe akiwa nyuma yake na birika. Hakuingia ndani, maana chumba cha uzazi si cha wanaume. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akaunyoosha mkongojo wake ukaziba njia. Emmanuel alikuwa anatoka mbio, simu sikioni, akakwama.

"Mzee, tafadhali. Wananipigia. Kitanda kinahitajika mjini."

"Kaa kidogo, mwanangu. Nani mkuu wa ukoo huu?"

"Ni wewe, mzee."

"Zahanati imesimama kwenye ardhi ya nani?"

Emmanuel aliishusha simu kutoka sikioni.

"Anayetumia ardhi ya watu asilete ngoto, mwenye ardhi huingia akajichukulia. Hiyo ni desturi, babu zangu waliikuta. Niliomba kuku mbele ya watu wote, mkasema hamfugi. Sawa. Nimechukua kilichopo." Alifungua ngumi yake, ambayo ni kama hakuwa ameifungua tangu mchana, akatoa ile noti ya elfu kumi iliyolowa jasho. "Na hii mrudishie mheshimiwa. Safari ni ndefu, akanywe soda."

Mtoto alizaliwa kabla ya adhana ya magharibi. Alilia mara moja, kwa nguvu, na Mwinshehe, ambaye wiki nzima alikuwa akisafisha koo tu, alikaa chini kwenye vumbi la magari akalia naye. Hafidha alitoka mlangoni, mikono imelowa.

"Kaka. Ni wa kike."

Mikidadi aliinua mkongojo, njia ikawa wazi. Katika ukoo wao mtoto wa kike ndiye anayeirithi ardhi. "Alhamdulillahi," alisema. "Mwenye nyumba amefika."

* * *

Jesca alilala kwa Hafidha, kesho yake Fransisko akaja kumchukua. Muuguzi wa kudumu hakuletwa. Dawa hazikuletwa. Jiwe lenye jina la mheshimiwa linafutwa vumbi kila wiki, kwa maelekezo kutoka juu, na Emmanuel ndiye anayelifuta. Lakini kitanda hakikuondoka. Wanawake wa Mhangala walikuwa wakikilinda kwa zamu, na mkunga wao wa siku zote, aliyezoea kupiga magoti kwenye mkeka, sasa aliwazalisha akiwa amesimama wima kama daktari.

Bosi alipiga simu kuhusu kitanda. Akapiga tena. Emmanuel alipanda mlima kuomba kwa maneno mazuri, akapanda kuomba kwa maneno makali, na kila alipofika Mikidadi alimuuliza jambo moja tu: "Umekuja na kuku?" Mwishowe, bosi alipomtishia kumkatia mshahara, kijana wa watu alikwenda gulioni, akatoa pesa yake mfukoni, akanunua jogoo mwekundu, na kapu la ndizi juu yake. Alipanda kwa Mikidadi amemshika jogoo miguu, viatu vyake vyeusi vimejaa matope, maana masika yalikuwa yameanza na njia ya greda ilikwisha kuporomoka.

Mikidadi aliingia ndani, akavaa kanzu safi. Alimwita Hafidha, akamwita Mwinshehe, akamwita Pili na mtoto wake mgongoni. Alimpokea Emmanuel kwa heshima zote za desturi: alimpa kiti, alimpa maji, alipokea kuku kwa mikono miwili.

"Ahsante sana, mwanangu. Ngoto imefika. Ukoo umeridhika. Serikali inaruhusiwa kuendelea kukaa."

Emmanuel akashusha pumzi. "Nashukuru, mzee. Basi naomba kesho nilete gari la kuchukua kitanda."

Mikidadi alimtazama kwa huruma, ile ile ambayo kijana aliwahi kumtazamia dada yake kwenye midalasini.

"Hii ni ngoto ya mwaka huu, mwanangu. Kitanda ni cha miaka ile ya nyuma."

Jioni ile jogoo alichinjwa, na Pili akaletewa supu yake kitandani, ya moto, yenye pilipili manga. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza tangu ukoo ule uanze kulipa ushuru kuonja kitu cha serikali, na hata hicho kilitoka mfukoni mwa Emmanuel.